Mbwa Wako Anabweka kwa Sababu Kubweka Kunamlipa

Asante mwenyekiti, na asanteni ninyi mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii. Kazi yangu ni udaktari wa mifugo, na kila nikiitwa kuzungumza na wakazi, iwe Mbezi, Goba au Tegeta, swali ni lilelile: "Daktari, nipatie dawa ya mbwa anayebweka usiku kucha." Sindano ya kumnyamazisha mbwa sina, na hata ningekuwa nayo nisingeitoa kabla hujanipeleka getini kwako.

Ndiyo, getini. Mnivumilie, maana hapo nitakaa sana.

Mbwa kafungwa mnyororo wa mita mbili pembeni ya geti. Ukitazama chini utaona duara la vumbi, nyasi zimekwisha, bakuli la maji limepinduka. Alfajiri anapita muuza maziwa na baiskeli. Mbwa anabweka, baiskeli inatokomea. Anakuja mwanafunzi anayewahi daladala, anabwekewa, anapita. Kisha bodaboda, kisha muuza samaki na ndoo yake, kisha kijana wa makopo na gunia mgongoni. Wote wanabwekewa, wote wanaondoka. Ninyi mnajua kila mmoja alikuwa na safari yake. Mbwa hajui! Anachojua ni kwamba amebweka na adui amekimbia. Ameshinda asubuhi nzima, bila kupoteza hata mara moja. Kesho ataongeza bidii, na keshokutwa ataanza mtu akiwa bado kona ya mtaa.

Halafu wewe unafungua dirisha na kufoka: "Simba, nyamaza!" Unadhani umemkaripia? Yeye anasikia mwenzake wa ndani naye anapiga kelele, basi anapata nguvu mpya.

Kwa hiyo mwondoe getini. Mhamishie uani, nyuma ya nyumba, penye kivuli. Geti la nondo lizibe kwa bati upande wa chini asione miguu ya wapita njia. Kisha mfundishe kunyamaza. Shika dagaa wakavu mkononi. Akibweka, usiseme neno. Subiri. Akinyamaza, hata kama ni sekunde mbili za kuvuta pumzi, sema "kimya" kwa sauti ya kawaida na umpe dagaa mmoja palepale. Ukienda kwanza kutafuta dagaa jikoni umechelewa, atakuwa ameshaanza tena na utamlipa kwa kubweka. Akiizoea hiyo, subiri sekunde tano, halafu kumi.

Na kuna yule anayebweka mpaka apewe chakula au afunguliwe. Huyo ukiacha kumtii, siku za mwanzo atabweka kuliko zamani. Hapo ndipo wengi wanashindwa, wanampa, na mbwa anajifunza kwamba safari hii ilitakiwa abweke muda mrefu zaidi. Shikilieni, na mshikilie wote: baba, mama, dada wa kazi, mlinzi, watoto. Mmoja akilegea, kazi yote imeharibika.

Najua kuna mzee anataka kuniuliza: "Mimi nilimfuga abweke, sasa mwizi nitamjuaje?" Mzee wangu, shikamoo. Mbwa anayebwekea kila kitu amekuzoesha kutomsikiliza. Siku mwizi akiruka ukuta, utageukia upande wa pili uendelee kulala. Anayebweka kwa nadra ndiye atakayekuamsha. Na ule usemi kwamba mbwa abwekaye haumi, tafadhali tuuache. Mbwa wengi hubweka kwa woga, na mwoga asiye na pa kukimbilia, kama huyu wa mnyororo, anauma.

Mwingine atasema fimbo inatosha. Fimbo inaongeza woga, na woga ndio unaombwekesha! Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Nasema hili kila mahali na nitaendelea kulisema.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi mengine haraka. Mbwa mzee aliyeanza kubweka ghafla apimwe kwanza, huenda ana maumivu au masikio na macho yamechoka. Anayebweka pale tu mnapoondoka wote nyumbani anaumia kwa upweke. Bati halimsaidii huyo. Azoeshwe kuachwa kidogokidogo, dakika chache chache. Wote watembezwe asubuhi kabla jua halijawa kali, maana mbwa aliyekaa bure siku nzima hujitafutia kazi. Watoto wa mbwa, kuanzia wiki ya 3 hadi karibu ya 14, waonyesheni watu, bodaboda na kelele za mtaa huku mmewabeba, kwa kuwa chanjo zao hazijakamilika. Ile ya kichaa cha mbwa wapewe wakifikisha miezi mitatu.

Habari ya majirani kurusha mawe nilitaka kuigusa, nadhani itajitokeza kwenye maswali. Tuanze na mama mwenye kitenge cha bluu, amenyoosha mkono muda mrefu.