Ya Ndani Yanaimbwa

Asalaam aleikum, na wenzetu, Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa niseme machache kabla gitaa halijaanza, kwa sababu kuna maneno yanapita hapa Mikindani kwamba hawa vijana wetu wa gitaa wanaimba huzuni za kuiga. Kijana anakaa kwenye kiti cha plastiki, gitaa pajani, anaimba jinsi alivyofiwa au alivyoachwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniambia, "Sisi hatuimbi hivyo. Ya ndani hayaimbwi." Nimekuja kusema, kwa adabu zote, kwamba yanaimbwa. Tena yameimbwa zamani, humu humu kusini.

Mimi nilichezwa unyago Newala. Niliyoyasikia siyatoi, kina mama mliopo mnanielewa. Ila hili nalisema: nyakanga, yule mama anayewafunda wali, hakuwa na jukwaa wala kipaza sauti. Alikuwa na ngoma, wanawake wachache, na sisi wasichana wali tumekaa chini, vichwa tumeinamisha. Mambo ambayo mama anaona haya kumwambia bintiye yaliingia kwa wimbo, yamefumbwa kisha yakafumbuliwa pale pale. Nililia. Hakuna aliyenishangaa.

Na pwani je? Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti yake ikaenea pwani nzima. Lakini Ng'ambo ya Unguja, watu wakiwa wamekaa karibu naye, aliimba yaliyowapata majirani: mwanamke aliyedhulumiwa, hukumu isiyo ya haki.

Vijana wetu wanamtazama Harmonize, mtoto wa Tandahimba, na wana haki ya kumtazama. Lakini uwanja anakoimba una masharti yake. Mdundo lazima usukume, maneno machache yarudiwe mpaka mtu wa nyuma kabisa ayashike. Chumba cha watu arobaini hakidai hayo. Humu mtu akivuta pumzi, mnamsikia.

Mwezi uliopita aliimba humu binti mmoja wa Shangani, hapa hapa Mtwara. Uzi wa kwanza wa gitaa lake ulikuwa umekatika, akafunga mshipi wa kuvulia samaki. Kapo, kile kibanio cha nyuzi, hakuwa nayo. Alibana penseli kwenye shingo ya gitaa kwa rababendi. Wimbo ulikuwa wa msimu wa korosho: malipo yameingia, baba kaaga anakwenda mjini kununua bati, na bati hazijafika mpaka leo.

Beti ya tatu akanyamaza. Watu wakadhani kasahau, wakaanza kumpigia makofi ya kumtia moyo. Hakuwa amesahau. Nilikuwa karibu, nikaona vidole vimeganda juu ya nyuzi, kidevu kinatetemeka. Makofi yale yalimfunika. Mpaka bibi mmoja huko nyuma akasema, taratibu tu, "Pole, mwanangu." Chumba kikatulia. Akamaliza wimbo wake.

Nimelifikiria sana neno la yule bibi. Ngoma zetu zina waitikiaji. Mtu hachezi peke yake. Kwa hiyo siwaombi mkae kama mko kwenye chumba cha mtihani. Ukiguswa, guna, sema pole, sema kweli. Ila sikiliza kwanza, ndipo uitikie. Na simu, nawasihi, ziacheni mfukoni. Wimbo ule wa bati ukikatwa kipande na kurushwa mtandaoni bila beti zake, mtu aliyeko mbali atacheka, na mama mtu ataonekana kituko.

Nanyi vijana wangu, kuimba kweli si kumwaga machungu tu. Yule binti hakumtukana baba yake hata mara moja. Alitaja bati, sisi wenyewe tukaliona paa la makuti linavuja. Andikeni kitu mlichokishika kwa mkono. Na ukitaka kuimba ya mama yako, nenda kamuulize mama kwanza; yale ni yake kabla hayajawa yako.

Feni hii ya juu inameza miisho ya maneno, naomba izimwe. Joto tutalivumilia. Binti wa Shangani yuko nasi tena leo, na safari hii amekuja na mama yake, yule aliyekaa karibu na mlango. Dada yangu, karibu usogee mbele, hapa kuna nafasi. Nawe mwanangu, ukiwa tayari, anza.