Gari Likigonga, Sikiliza Kwanza

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa gereji, habari za kazi.

Nimeombwa niseme juu ya magari yanayotoa mlio wa kugonga huko chini, kwenye magurudumu. Hapa Tabora, dereva anayebeba tumbaku kutoka Urambo au Kaliua analijua hili: gari lilikwenda kimya, limerudi linaongea. Na sisi mafundi jibu letu limekuwa moja: "Shokapu zimekufa mzee, lete mbili." Linaniuma. Mteja ananunua, tunafunga, keshokutwa amerudi na mlio ule ule.

Shokapu iliyokufa mara nyingi haigongi. Gari linanesa, likishashuka tuta linaendelea kunesa. Ukisikia ko-ko-ko kwenye vibonde vidogo, mwendo wa taratibu, anza na linki za stabilaiza. Stabilaiza ni ile fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na linki ni vyuma vifupi vinavyoishika kila upande. Mwambie dereva apande tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele pamoja, kisha apite gurudumu moja tu likipanda. Likigonga zaidi mara ya pili, umeikaribia linki, kwa sababu stabilaiza hujipinda pale upande mmoja unapopanda na mwingine ukabaki chini. Na jamani, msiikague linki gurudumu moja likiwa juu ya jeki! Stabilaiza imejipinda, inaibana linki, pleyi yote, yaani kule kulegea, inajificha. Ingia kwenye shimo la gereji, gari likiwa limesimama kwa miguu yote minne, ishike linki kwa mkono uitikise.

Kishindo kimoja kizito ukikanyaga breki, tazama bushi za amu, yaani ile mipira iliyo kwenye maungio ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Mlio kama wa kitanda kikuukuu ni mpira uliokauka. Mwagia maji, ukinyamaza umeshapata pa kushika. Bolijointi, kile kiungo cha mviringo kinachounganisha amu na gurudumu, ikiwa na pleyi sina mjadala nayo: gari halitoki, maana ikichomoka gurudumu linalala barabarani na watu wamo ndani.

Bushi ndiko tunakoharibu wenyewe. Unafunga mpya, amu inaning'inia, unakaza bolti hapo hapo juu. Gari likishuka, mpira unasokotwa na unabaki umesokotwa, hata barabara haijaugusa. Ukichanika, tunamwambia mteja spea ilikuwa feki. Ingiza bolti, kaza kidogo, shusha gari likae kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze mwisho.

Nje pale kuna Noah inagonga mbele kulia. Twendeni, ila spana ziacheni hapa mezani. Tutaizungusha kwanza uwanjani, vioo vikiwa chini na redio imezimwa.