Namna ya Kukokotoa Marudio Limbikizi na Kuyatumia Kutafuta Mediani

Ndugu watazamaji, jedwali lililo kwenye skrini linaonyesha alama za wanafunzi 40 katika jaribio la hisabati. Waliopata alama 1 hadi 10 ni 3, alama 11 hadi 20 ni 7, alama 21 hadi 30 ni 14, alama 31 hadi 40 ni 11, na alama 41 hadi 50 ni 5. Kila idadi hapa, inayoitwa marudio, inahusu kundi lake peke yake, kwa hiyo jedwali halijatueleza moja kwa moja ni wangapi ambao hawakuvuka alama 30.

Ongezeni safu ya tatu, muiite marudio limbikizi, yaani jumla ya marudio ya kundi hilo na ya makundi yote yaliyolitangulia. Mstari wa kwanza andikeni 3, kwa kuwa hakuna kundi lililotangulia. Mstari wa pili jumlisheni 3 na 7, mpate 10. Kisha 10 na 14, mpate 24. Endeleeni hivyo hivyo hadi 35 na 40. Kuweni waangalifu hapa: kinachoongezwa kwenye marudio ya kundi ni limbikizo la mstari wa juu yake, wala si marudio ya mstari huo, na anayechanganya mambo haya ataandika 21 mahali pa 24. Limbikizo la mwisho lisipokuwa 40, rudieni kujumlisha.

Sasa jibu linasomeka: wanafunzi 24 hawakuvuka alama 30, na 16 waliobaki waliivuka.

Tutafute mediani, yaani alama ya katikati inayowagawa wanafunzi nusu kwa nusu. Nusu ya 40 ni 20, na kwa kuwa makundi mawili ya kwanza yana wanafunzi 10 tu, mediani imo katika kundi la tatu, ambalo mpaka wake wa chini ni 20.5, yaani katikati ya 20 na 21. Tunahitaji wengine 10 kati ya 14 waliomo. Tukichukulia kwamba alama zao zimesambaa sawasawa, tunagawanya 10 kwa 14, tunazidisha kwa upana wa kundi, yaani 10, tunapata takriban 7.14, na tukiongeza 20.5 mediani inakuwa 27.64.

Wanaopenda grafu waweke kila nukta juu ya mpaka wa juu wa kundi, yaani 10.5, 20.5 na kuendelea, wala si katikati ya kundi, kwa sababu wanafunzi 24 hawatimii mpaka kundi la tatu liishe. Mkunjo unaounganisha nukta hizo uanzie 0.5 kwenye mhimili wa mlalo. Kutoka 20 kwenye mhimili wa wima, ambao ni wa marudio limbikizi, chora mstari hadi kwenye mkunjo, kisha uushushe chini: utaangukia karibu na 27.6.