Togwa, Ubuyu na Kinga ya Mwili

Mbukwenyi, wazee wangu na ndugu zangu.

Kila mtu Dodoma siku hizi anauza kitu cha "kuongeza kinga". Vilivyochachushwa kweli husaidia, ila njia yake inapita tumboni. Bakteria wa togwa hutoa asidi ya laktiki, na pH (kipimo cha asidi; kadiri inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) ikishuka chini ya 4.5 vijidudu vingi vya kuharisha hushindwa kukua. Tena uchachu huvunja fitate, ile inayoshika madini ya chuma na zinki ndani ya nafaka. Bila zinki chembe za kinga hudhoofika.

Kazi yote iko kwenye kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa gunia bichi siku 2 hadi 3, anika, fikicha, saga. Ukitumia mtama, pepeta mpaka mizizi na machipukizi yatoke yote, maana yana sumu ya sayanaidi.

Pika uji kwa gramu 100 za unga na lita 1 ya maji, dakika 15. Uache upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo utie vijiko 2 vya kimea na nusu kikombe cha togwa ya jana. Kimea kikikuta uji unatokota, vimeng'enya vyake huharibika na uji hubaki mzito. Ukipatia, baada ya muda mfupi mwiko unazunguka kwa wepesi.

Hapo togwa ni tamu, na hapo ndipo watu hukosea: humpa mtoto. Kimea hakijapikwa, kina vijidudu vyake, na asidi bado haijatoka! Subiri saa 12 hadi 24. Juni na Julai, kwa baridi yetu ya usiku, funga chungu kwa blanketi.

Ubuyu utie wakati wa kunywa. Ukiutia mwanzoni, ulimi utadhani togwa imechacha kumbe ni ukali wa ubuyu. Ukiupika, vitamini C hupungua, nayo ndiyo inayosaidia mwili kufyonza chuma.

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Anayetumia dawa za hospitali asiziache kwa ajili ya togwa.

Na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 iliua watu hapa Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Usitegemee uchachu wala moto kuiondoa, na yenyewe hudhoofisha kinga. Anika nafaka juu ya turubai, si chini. Kabla ya kuloweka, chambua: punje iliyovunjika, iliyosinyaa au yenye ukungu, itoke.