Kuchora mapigo: bango na jalada la santuri ya singeli

Ndugu wasikilizaji, wabunifu wengi wakipewa muziki wa kielektroniki hukimbilia picha za nyaya na taa za zambarau. Tuanze na kasi. Singeli ya Dar es Salaam, ile iliyokusanywa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala katika albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017, mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika. Hapo ndipo penye mchoro.

Chukua wimbo wa mapigo 240, yaani manne kila sekunde. Bango la A2 lililosimama lina upana wa milimita 420, na upana huo ndio mstari wa muda. Sekunde 30 zina mapigo 120, kwa hiyo kila pigo linapata milimita 3.5. Jalada la santuri lenye upana wa milimita 315, kwa kipimo hichohicho, linabeba mapigo 90. Vitu hivi viwili vinakuwa ndugu bila kurudia picha.

Fungua wimbo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, uutazame kama spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda, kwa skeli ya Mel, inayopanga masafa kama sikio linavyoyasikia. Skeli ya hatua sawa (linear) hubana besi yote chini, na singeli bila besi ni kelele tu. Kisha chora mistari upya kwa programu ya vekta, ambayo michoro yake hukuzwa bila kuharibika. Picha ya skrini ikikuzwa hutoka na ukungu.

Ukichapa bango kwa risografu, mashine ya kuchapa kwa stensili rangi moja moja, mashine nyingi huishia A3. Unganisha karatasi mbili zilizolala, moja juu ya nyingine, ili kiungo kisikate mstari wa muda. Mashine haifiki ukingoni: acha milimita 10 kila upande, upunguze mapigo hadi 114. Kipimo usikiguse! Wino wake haukauki vizuri kwenye karatasi inayong'aa.

Kwenye jalada, hatari ni mistari myeupe ndani ya weusi. Weusi ukichapwa kwa wino wa rangi zote nne, na rangi moja ikahama kidogo tu, rangi hiyo huingia ndani ya mstari na kuuziba. Tumia nyeusi asilimia 100 na siani (buluu ya wachapaji) asilimia 40, basi, na mstari usipungue milimita 0.25.

Mgongo wa santuri moja una takriban milimita 3. Herufi zisizidi 2. Usikomeshe rangi nzito hasa penye mkunjo, kwani mkunjo husogea. Ongeza milimita 3 za kukatwa pande zote, na mwombe mchapaji jalada tupu lililokunjwa ulipime kabla ya kutuma faili.