Karatasi Moja Katika Mwezi Mzima: Takwimu za Biashara ya Nje Katika Nchi Ndogo ya Visiwa

Mhadhara uliotolewa jijini Mbeya mbele ya wanafunzi wa takwimu na mawakala wa forodha

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, ndugu mawakala mliotoka Tunduma na Kasumulu, na ninyi wanafunzi ambao ndio hasa niliowafuata: wazee shikamooni, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nieleze namna takwimu za biashara ya nje zinavyokusanywa katika nchi ndogo ya visiwa, na natambua kwamba mtu wa Mbeya ana haki ya kuuliza bahari inamhusu nini. Kwa hiyo nitaanzia hapa hapa barabarani. Ukisimama Uyole asubuhi utaona magari ya IT, yaani yale yanayopita tu kwenda nchi jirani, yakipita kwa msururu kuelekea Tunduma, na upande wa pili utaona malori yaliyobeba shaba ya Zambia na Kongo yakishuka kwenda bandarini Dar es Salaam. Mali yote hiyo inapita mbele ya macho yetu, lakini hakuna hata gari moja kati ya hayo linalohesabiwa kuwa limeagizwa na Tanzania, wala tani moja ya shaba hiyo haiingii katika mauzo yetu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa, katika toleo lake la mwaka 2010, inataka zihesabiwe bidhaa zinazoongeza au kupunguza mali iliyomo nchini kwa kuingia au kutoka katika eneo lake la kiuchumi. Kinachopita tu hakihesabiwi. Bandari ya Port Louis nchini Mauritius ina kazi ya namna hiyo hiyo, kwa kuwa makontena mengi hushushwa pale kutoka meli moja na kupakiwa katika nyingine bila kuwa mali ya nchi ile, na mtakwimu akiyachanganya na uagizaji ataifanya nchi ya watu milioni moja na kidogo ionekane inakula chakula cha nchi kadhaa.

Sasa tuusindikize mzigo mmoja wa kubuni. Mfanyabiashara ananunua tani 100 za mchele wa Mbarali, anazipitisha Mbeya, anazifikisha bandarini na kuzipeleka Moroni, Komoro. Tuseme mchele ukiwa umekwisha kupakiwa melini Dar es Salaam una thamani ya dola 70,000. Hiyo ndiyo mnayoiita FOB, na kwa kipimo hicho Tanzania itaandika mauzo yake. Nauli na bima hadi Moroni ni dola 12,000, na kwa kuwa nchi nyingi huandika uagizaji kwa CIF, yaani pamoja na bima na nauli hadi mpakani mwake, Komoro itaandika dola 82,000. Mzigo ni ule ule, tarakimu ni mbili, na hakuna aliyekosea. Meli ikipakiwa tarehe 28 Machi na kufika tarehe 9 Aprili, hata miezi itatofautiana. Nayasema haya kwa sababu nimeona watu wenye elimu yao wakilinganisha vitabu vya nchi mbili na kutangaza kwamba mmoja anadanganya. Kwa nchi ya visiwa pengo hili ni kubwa kuliko kwa wengine, maana karibu kila kitu huja kwa meli, kutoka mbali, katika mizigo midogo midogo ambayo nauli yake kwa kila tani ni ghali.

Mchele huo huo una jambo la pili. Orodha ya kuainisha bidhaa ambayo mawakala mnaiita HS ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, inasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels, na toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2022. Namba 1006 ni ya zao la mpunga kwa ujumla. Tarakimu mbili zinazofuata ndizo zinazotenganisha: 10 ni mpunga wenyewe na maganda yake, 20 ni ule uliotolewa ganda la nje tu, 30 ni mchele uliokobolewa, na 40 ni chenga. Mtu wa Kyela au wa Usangu hahitaji kufundishwa tofauti hizi, kwa kuwa lugha yetu ina jina la kila hatua mpaka sufuriani. Lakini wakala mwenye haraka huandika 30 kwa kila gunia, zikiwamo chenga, na mtakwimu wa kisiwani anaona bei ya wastani ya mchele imeshuka ilhali sokoni haijashuka hata senti. Katika nchi kubwa kosa hilo humezwa na maelfu ya matamko mengine, yaani karatasi ambazo mawakala huzijaza forodhani kwa kila mzigo. Kisiwani huenda mchele uliingia kwa meli mbili tu robo mwaka hiyo, na moja ndiyo iliyokuwa ya chenga.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa maneno yangu yote. Kanuni za kukusanya takwimu hizi ni zile zile kwa China na kwa Tuvalu. Kinachotofautiana ni uzito wa karatasi moja. Nchi ndogo ina bidhaa chache, waagizaji wachache na meli chache, kwa hiyo kosa moja halipati kosa lingine la kulifuta, na mwezi mzima unaweza kupinda kwa sababu ya tamko moja. Ndege moja ikinunuliwa na shirika la nchi kama hiyo, uagizaji wa mwezi huo utapaa kwa namna isiyo na uhusiano wowote na maisha ya wananchi. Ndege hiyo haifichwi, kwa kuwa ni biashara halali na miongozo inataka iandikwe pale umiliki wake wa kiuchumi unapohama, bali hutolewa maelezo kando ili msomaji aone jumla ikiwa nayo na ikiwa haina.

Niliwahi kukaa miezi michache Moroni nikisaidia kazi hii. Matamko ya forodha kule huingizwa katika mfumo wa kompyuta uliotengenezwa na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, unaojulikana kwa Kifaransa kama SYDONIA na kwingine kama ASYCUDA, ambao unatumika katika nchi na maeneo zaidi ya 100. Mfumo ni mzuri na hurahisisha kazi sana, ila huamini kinachoandikwa ndani yake. Mwezi mmoja, takwimu za awali zikiwa zimekwisha kutoka, niligawa thamani kwa kilo katika kila mstari, kazi ya kuchosha ambayo ningependa kila mwanafunzi aliyemo humu aifanye kwa mkono wake angalau mara moja, na nikakuta vipuri vya mashine ya kuchanganya zege ambavyo kilo moja ilikuwa na bei ya kito. Nilikwenda kwa wakala aliyejaza tamko lile. Alitoa faili lililofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, karatasi zake zimelegea kwa unyevu wa bahari, na nakala ya ankara ilikuwa ya kaboni iliyofifia hata tukaisogeza dirishani ili tuisome. Jumla ilikuwa euro 10,000. Katika tamko thamani iliandikwa 4,919,678, na kwenye kisanduku cha sarafu palikuwa na euro. Faranga ya Komoro imefungwa kwa euro kwa kiwango cha 491.96775. Yule bwana alikuwa amekwisha kubadili euro kuwa faranga kwa usahihi kabisa, kisha akasahau kubadili jina la sarafu, na vipuri vya euro elfu kumi vikawa vya karibu milioni tano.

Ushuru uliolipwa ulikuwa sahihi kwa sababu ulikokotolewa kwenye karatasi nyingine, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Forodha kazi yake ya kwanza ni kukusanya mapato, na ni haki yake kuweka macho pale penye fedha. Pasipo na ushuru, macho hulegea. Bidhaa za misaada, vifaa vya serikali vilivyosamehewa kodi, na hasa mauzo ya nje ambayo kwa kawaida hayatozwi chochote, huandikwa kwa mkono mwepesi: uzito wa kukadiria, nchi ya mwisho ikiandikwa ile ambako meli inatia nanga kwanza, thamani ikinakiliwa kutoka tamko la mwaka jana.

Na mauzo ya Komoro hayavumilii mkono mwepesi, kwa kuwa uzito wake wote umebebwa na mazao matatu, yaani vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi. Kimbunga Enawo kilipoipiga Madagascar, mzalishaji mkuu wa vanila duniani, mwezi Machi 2017, bei ambayo tayari ilikuwa juu ilipita dola 400 kwa kilo na kukaa juu mpaka mwaka uliofuata, kisha baadaye ikaporomoka. Mtakwimu aliyechapisha thamani peke yake alimwonyesha mkulima wa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kana kwamba amelima maradufu, na bei iliposhuka akamwonyesha kana kwamba amelala, ilhali mkulima alikuwa shambani miaka yote hiyo akichavusha maua kwa kijiti, moja baada ya jingine. Ndiyo sababu thamani na kiasi vinapaswa kuchapishwa pamoja, na fahirisi ya bei, yaani kipimo cha kupanda na kushuka kwake, itengwe na fahirisi ya kiasi.

Shelisheli ina mafundo yake. Bidhaa yake kubwa ya kuuza nje ni jodari wa kopo anayesindikwa Port Victoria, lakini samaki wengi wanaoingia kiwandani huletwa na meli za kigeni, za Hispania na Ufaransa zikiwamo. Samaki aliyeshushwa na meli ya kigeni huhesabiwa kuwa ameagizwa kutoka nchi ya meli hiyo, hata kama alivuliwa katika bahari ya karibu. Msomaji asiyejua kanuni hii atashangaa kisiwa kikiagiza samaki kutoka Ulaya. Mafuta yanayojazwa katika ndege na meli za kigeni nayo ni mauzo ya nje, ingawa hayapiti katika ghala la kusafirisha bidhaa, na pasipokuwa na mtu wa kuyafuata kwa wauzaji wenyewe, sehemu kubwa ya mauzo hupotea kwenye vitabu.

Panapokuwa na kiwanda kimoja au mwagizaji mmoja, huja swali la siri. Ukichapisha mstari wa bidhaa hiyo umechapisha hesabu za kampuni. Miongozo inapendekeza mstari ufichwe pale tu mfanyabiashara mwenyewe anapoomba na ombi lake likaonekana lina msingi, na kilichofichwa kiunganishwe na kundi kubwa zaidi ili jumla isipungue. Mimi nakubaliana na njia hiyo, kwa kuwa ofisi inayoficha kabla ya kuombwa, katika nchi yenye makampuni machache, itabaki haina cha kuchapisha.

Halafu ipo biashara isiyojaza karatasi. Watu wa Tunduma mnaijua kuliko mimi, maana Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari, na mama anayevuka na ndoo yake ya samaki haoni kwamba anafanya biashara ya kimataifa. Visiwani njia ni vyombo vidogo na masanduku ya safari. Wanawake wa Kikomoro hushuka Kariakoo na kurudi na mabegi ya nguo, na kila mwezi wa Julai na Agosti Wakomoro waishio Ufaransa hurejea kwa ajili ya harusi kubwa wakiwa na mizigo ambayo nusu ni zawadi na nusu ni bidhaa. Vyombo vya msafiri mwenyewe havihesabiwi. Vya kuuza vinapaswa kuhesabiwa. Tamko halitakuambia kipi ni kipi, hivyo hubidi kukaa bandarini na uwanjani kwa siku zilizochaguliwa kitaalamu na kuandika kinachoonekana, kama Uganda inavyofanya katika mipaka yake.

Mipaka yenyewe huhitaji uangalifu. Komoro inaihesabu Maore, au Mayotte, kuwa kisiwa chake cha nne, lakini Maore iko chini ya Ufaransa na forodha ya Moroni haifanyi kazi kule, kwa hiyo takwimu hufuata pale forodha inapofanya kazi, na mtakwimu huandika bila kuamua kesi ya wanasiasa. Kwetu nako, gunia la Mbarali likienda Unguja halijawa mauzo ya nje ya Jamhuri ya Muungano, ingawa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar ina kila sababu ya kutaka kujua ni magunia mangapi yamevuka.

Ndugu mawakala, mnapojaza kisanduku cha nchi ya mwisho, andikeni mzigo unakokwenda kwa kadiri mnavyojua siku ile, si bandari ya kwanza. Mnapoandika uzito, tenganisheni uzito wa bidhaa na uzito wa gunia lake. Kuna mtu Moroni au Victoria atakayeipokea kazi yenu bila kuwajua, na hana maelfu ya karatasi nyingine za kuifunika.

Kuhusu ile tarakimu ya vipuri: hatukuibadilisha kimyakimya. Katika toleo la mwezi uliofuata tuliweka alama kando yake, na chini tukaandika kiasi kilichopunguzwa na sababu yake. Simu ya kwanza asubuhi ile ilitoka kwa ofisa aliyekuwa akiandaa urari wa malipo, yaani hesabu ya miamala ya nchi na mataifa mengine. Hakuuliza nani alikosea. Aliuliza kama miezi mingine ya mwaka ule ilikuwa imegawanywa kwa kilo, mstari kwa mstari, kama ule mmoja. Nilimjibu kwamba tumeanzia Januari na tumefika Machi, naye akasema atasubiri.