Stendi, koki na buibui: makosa ya pikipiki yanayotutia aibu Malindi

FUNDI: Haya asalaam aleikum wote mnaotusikiliza, tuko Malindi hapa Maweni kama kawaida, na mkisikia nyundo huko nyuma ni gereji ya jirani, mwacheni afanye kazi.

DADA: Waaleikum salaam kaka fundi. Leo pikipiki. Yale makosa ambayo mtu akishayafanya kwanza anatazama kushoto kulia nani kamuona.

FUNDI: Hehe, hayo hasa. Mi ntaanza na swichi nyekundu, ile ya kuzima injini iko karibu na mkono wa kulia. Dada, mtu atasukuma pikipiki kutoka Barani mpaka hapa jua la saa saba, kapiga kiki mpaka mguu hauna nguvu, katoa plagi kaisafisha kairudisha, kamwambia na abiria ashuke atafute nyingine. Akifika mi natazama hapo tu kwanza. Imezimwa. Mtoto kaichezea ikiwa imepaki, au gunia la mzigo limeigusa, basi.

DADA: Na zile zisizokuwa na hiyo swichi?

FUNDI: Hizo tazama koki ya mafuta. Tena hii koki watu hawajaielewa sawasawa, wanadhani resevu ni tanki la pili limefichwa mahali. Hakuna. Ni mafuta yale yale ya tanki moja, ila mrija wa kawaida umesimama juu kidogo ndani ya tanki, mafuta yakishuka chini yake pikipiki inaanza kukohoa, unageuza koki resevu inavuta yale ya chini kabisa unaenda zako kutafuta petroli. Sasa mtu akishajaza harudishi koki mahali pake, anatembelea resevu wiki nzima, na siku ikizima hana pa kugeuza, yameisha kabisa, yuko darajani Sabaki na abiria wa Mambrui nyuma.

DADA: Na abiria anauliza tu "vipi, tunaenda?"

FUNDI: Atauliza, ana haki yake.

DADA: Mi niseme la stendi basi, maana hapa mji mzima unakusaidia. Ukiondoka na stendi ya pembeni iko chini, muuza mahamri, mzee wa kahawa, mtoto wa shule, hata hawakujui, wote wanapiga kelele stendi! stendi! Mi naipenda sana hii ya watu wetu, wallahi inaokoa watu.

FUNDI: Inaokoa kweli, kwa sababu stendi iko kushoto. Ukikata kona ya kushoto pikipiki inalala upande huo huo, ile stendi inagusa lami, inakunyanyua gurudumu la nyuma, ushaanguka. Pikipiki nyingine za siku hizi injini inazima ukiingiza gia stendi ikiwa chini, lakini hizi zetu nyingi za kazi hazina kitu hicho, zinaondoka tu. Kwa hiyo mtu akikupigia kelele usikasirike, inua.

DADA: Sasa kaka nataka tukae kidogo kwa hili la buibui, maana hili si la kupita haraka.

FUNDI: Sema dada.

DADA: Mama zetu wanakaa upande, miguu yote kushoto. Na cheni ya hizi boda nyingi iko wapi? Kushoto. Buibui ni ndefu, chini yake deira, na mtandio unapepea, ukingo ukigusa spoku gurudumu linauvuta kwa mzunguko mmoja tu, hakuna wakati wa kusema ngoja. Niliona Lamu Road, mama amevutwa kashushwa chini, buibui imezongana na cheni mpaka magotini, watu wamejaa wanatazama, ndipo mama mwingine akavua leso yake akamfunika akawaambia wanaume geukeni huko. Ikabidi nguo ikatwe kwa kisu ndio atoke. Na yule dereva anamlaumu mama ati hakujishika vizuri! Hapana. Aibu ile ilikuwa ya dereva, yeye ndiye anajua cheni iko wapi.

FUNDI: Kweli kabisa. Na nimewasikia vijana wengi wakisema wanaona haya kumwambia mke wa mtu kusanya nguo zako.

DADA: Wala si haya hiyo. Unageuka, unasema kwa adabu, mama hebu kusanya buibui uikalie, ukishaona ukingo uko juu ndio unaondoka. Hakuna mume wa maana atakayekugombeza kwa hilo. Ata India wana sari ndefu vile vile, na kule sheria yao inataka pikipiki iwe na kinga ya kufunika gurudumu la nyuma angalau nusu yake, kwa ajili ya nguo ya abiria.

FUNDI: Na hapa nimeona watu wanaifungua hiyo kinga ati inabana mahali pa kufunga mzigo. Ukija kwangu nikufungulie sikufungulii. Kama haipo, fundi wa kuchomelea atakutengenezea ya vyuma vyembamba, kazi ndogo tu.

DADA: Na eksozi je?

FUNDI: Eksozi iko kulia, basi abiria apandie kushoto ashukie kushoto. Tazama watu wa mji huu, wangapi wana kovu mguu wa kulia ndani hapa kwenye shavu la mguu. Ukiungua maji safi ya kawaida yanayotiririka dakika 20, dawa ya meno usipake.

DADA: Haya tuingie gereji sasa.

FUNDI: Gereji mi mkubwa wa malalamiko ni plagi. Kichwa cha injini ni alumini, plagi ni chuma, wakishindana hawa chuma kinashinda. Mtu anaiweka plagi imeinama kidogo, anaona ngumu, badala ya kuitoa anaongeza nguvu ya spana, krr, uzi wa skrubu kwenye tundu umeliwa. Plagi inaanzishwa kwa vidole, na kama vidole havifiki chukua kipande cha mpira wa mafuta kichomeke juu ya plagi uzungushie nacho, ikikaa vibaya mpira utateleza wenyewe haitoweza kuharibu kitu. Ikifika mwisho ndio spana, mpya yenye washa, ile pete yake, nusu mzunguko hivi, iliyotumika tayari kidogo tu.

DADA: Na akishaharibu?

FUNDI: Sasa hapo ndipo mi naumia. Akishaharibu anaficha. Kwa sababu pikipiki si yake, ni ya tajiri, kila jioni anapeleka hesabu, anaogopa atanyang'anywa. Kijana mmoja alizungushia ule utepe mweupe wa fundi bomba kwenye plagi, akakaza ikakaa, akanyamaza kimya. Siku mbili tatu ikatoka barabarani kwa kishindo kama risasi, ana abiria nyuma. Mungu kasaidia hakuna aliyeumia. Lakini kile kichwa mwanzo kilikuwa cha kutengenezewa uzi mpya tu, kilipofika kwangu ufa umeingia, cha kununua kingine. Angesema siku ile ile ingekuwa kazi ya asubuhi moja.

DADA: Kwa hiyo na matajiri wasikie hii. Kijana akikwambia tajiri nimeharibu kitu, ukimfukuza, wa pili hatokwambia.

FUNDI: Na mafundi pia dada, tuache kuwacheka watu mbele ya wenzao. Akichekwa leo, kesho atakaza mwenyewe gizani.

DADA: Cheni?

FUNDI: Cheni wanaikaza kama waya wa umeme. Iache icheze sentimita mbili mpaka tatu hivi, kitabu cha pikipiki yako kitakwambia sawasawa, kwa sababu ukipakia watu na gunia nyuma inashuka na cheni inavutika yenyewe, isipokuwa na nafasi inavuta beringi ya gia boksi. Na ile klipu ya cheni, upande uliofungwa utangulie kule cheni inakoenda, mdomo ulio wazi uwe nyuma. Ukigeuza, kitu kikigusa ule mdomo klipu inaruka, cheni imelala barabarani. Ukienda ufukweni maji ya chumvi yakaipata, osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi siku hiyo hiyo, kausha, tia oili. Usingoje kesho.

DADA: La mwisho, pancha. Mtu anaziba tyubu vizuri, solusheni kapaka kangoja ikauke, kiraka kimeshika, anajaza upepo, hajafika mbali pancha tena pale pale.

FUNDI: Mwiba hajautoa! Uko bado ndani ya taya. Hasa hawa wanaotoka njia ya Garsen, kule kwenye mathenge, ile miti ya miiba, mwiba unakatikia ndani nje huuoni. Kabla hujarudisha tyubu chukua kitambaa upitishe ndani ya taya mzunguko wote polepole, kitambaa kitakwama pale ulipo. Usitumie kidole kitupu. Halafu usukume utoke kwa nje, uushike uone, ndio urudishe.

DADA: Haya, wiki ijayo ni breki ya mbele na mchanga, Inshallah. Tutumieni maswali yenu, na kama hutaki jina lisomwe sema, hatulisomi.

FUNDI: Hatulisomi. Kwaherini, vaeni helmeti, abiria naye mpe ya kwake.